Mjomba Amejitoa

Ujumbe uliingia Ijumaa mchana, nikiwa nakaanga vitunguu. Simu ya muuza vipuri ndiyo iliyolia kwanza, ikafuata ya profesa, kisha yangu niliyoiegemeza kwenye kopo la chumvi. Nikajifuta mikono kwenye kanga, lakini sikuwa na haja ya kusoma. Uso wa muuza vipuri nilikuwa nauona kupitia dirisha la jiko.

"Kajitoa," alisema. "Si niliwaambia mimi? Kajitoa tena huyo bwana mkubwa. Eti mgongo."

Aliyejitoa ni mdogo wangu, wa tumbo moja. Alikojitoa ni kwenye mashindano ya snuka ya klabu yetu, ambayo huchezwa kila mwaka Jumamosi moja ya mwezi wa nane, na mshindi hupewa mbuzi. Hapa Morogoro puli inachezwa kila kona, zile meza ndogo za kwenye baa ambazo hata mlevi anaweza kubahatisha mpira ukaingia. Snuka ni habari nyingine. Meza yake ni kubwa, mashimo yake ni membamba, na ukikosea unakaa kitini unamtazama mwenzako anacheza mpaka akosee na yeye. Meza yetu iliachwa na wazungu wa mashamba ya katani, na klabu yenyewe iko upande wa juu wa mji, ambako ukitoka nje mlima umekusimamia mbele. Mimi nina jiko pale. Nauza supu, chipsi, maharage na wali, na kwa sababu dirisha langu linaangalia ukumbi wa meza, mabishano yote ya snuka ya mji huu nimeyasikia mimi kabla ya mtu mwingine.

Tena wanabishana hawa watu! Mwaka mzima wanatazama snuka ya Ulaya kwenye simu, vichwa vitatu juu ya kioo kimoja, na kinachowagombanisha zaidi ni hiki hiki cha mabingwa kujitoa. Bingwa anaandikisha jina kwenye mashindano madogo huko kwenye miji yenye baridi, watu wananunua tiketi, halafu siku mbili kabla anatoa taarifa kwamba hajisikii vizuri. Wiki inayofuata kuna mashindano makubwa yenye pesa ya maana, na mgonjwa amepona.

Profesa huwa anawatetea. Si profesa wa kweli, alikuwa mhadhiri pale chuo kikuu mpaka akastaafu, lakini klabu ilimpandisha cheo na yeye hakukataa. "Mchezaji ni mwili," husema. "Mwili unachoka. Mnataka akajimalize kwa ajili ya watu mia mbili na kikombe cha bati?"

Muuza vipuri ana duka Msamvu, karibu na stendi ya mabasi, na sauti yake ameizoesha kupambana na honi. "Basi asiandike jina, Profesa! Nani alimlazimisha? Lile jina limekaa pale, kuna kijana kakosa nafasi, kuna mzee kalipa kiingilio. Huyo si mchovu, huyo anatudharau."

"Anapanga ratiba yake."

"Anatuletea mapozi."

Na hapo wakishafika, mnaweza kuwaacha mkaenda sokoni mkarudi. Mwisho wake huwa ni mmoja. Wanaanza na bingwa wa Uingereza na wanamalizia kwa mdogo wangu, na muuza vipuri hupunguza sauti kidogo, akitupia jicho jikoni, kisha husema hata hivyo. "Yule wa Uingereza namsamehe, hajazaliwa hapa. Huyu wa kwetu mama yake yuko hapo mlimani, anakula kabichi peke yake."

Ni kweli kazaliwa hapa. Baba yetu ndiye aliyekuwa akiitunza ile meza. Alikuwa akipiga kitambaa chake brashi kila asubuhi, na siku za mechi alikipiga pasi ya mkaa, taratibu, kutoka upande mmoja kwenda mwingine, bila kurudi nyuma, kwa sababu kitambaa cha snuka kina malaika kama ngozi ya mtu na hakipendi kwenda kinyume. Mimi nilikuwa napepea mkaa nje. Mdogo wangu alikuwa anapanda juu ya kreti la soda kuifikia meza, anaburuta lile kreti kwenda huku na huku, na wanachama walikuwa wanamlalamikia baba kuhusu kelele mpaka siku walipomtazama anachofanya akiwa juu yake. Wakanyamaza. Baada ya hapo walikuwa wanamburutia wenyewe.

Nilimpenda mno siku zile. Nampenda na leo, lakini siku zile kulikuwa na mtu wa kumpenda, alikuwa yupo, alikuwa anakula wali wangu na kuficha nyama chini yake ili aimalizie mwisho. Alipokuwa kijana akaenda Dar, halafu akaenda Nairobi, ambako vilabu ni vingi na meza ni nyingi, wakamwajiri kufundisha na kucheza. Baba alipofariki alikuja akakaa siku mbili. Tangu hapo hatujamwona. Nairobi si Ulaya, jamani. Ukipanda basi leo unafika kesho. Ningesema yuko mbali ningepata pa kushika, lakini hayuko mbali, na hilo ndilo linaloniuma.

Kila mwaka anaandikisha jina kwenye mashindano yetu. Kila mwaka linabandikwa juu kabisa kwenye karatasi ukutani, watu wanakuja kulipiga picha. Na kila mwaka, siku moja kabla, anajitoa.

Mpaka hapo unaweza kusema ni mambo ya wanaume na mipira yao. Lakini mimi nina binti, na binti yangu ana mchumba kutoka Gairo, na sisi ni Waluguru. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Baba yake wa kumzaa anaheshimiwa, anapewa kiti, anapewa soda, lakini posa inapokuja anayeipokea na kuijibu ni mjomba. Mjomba asipokuwepo wageni wanakula, wanashukuru, wanaondoka na jibu lao halijatoka mdomoni mwa mtu. Na mjomba wa binti yangu ni mmoja tu.

Sasa sikia akili yangu. Ukimpigia mdogo wangu ukamwambia njoo nyumbani kuna jambo, atasema sawa dada, nitaangalia, na hataangalia chochote. Kwa hiyo nikatafuta siku ambayo nina uhakika atakuwepo, na uhakika wangu niliutoa wapi? Kwenye ile karatasi ya ukutani. Nikaona jina lake juu kabisa, nikawaambia watu wa Gairo njooni Jumapili inayofuata mashindano, mjomba atakuwa mjini. Ndivyo nilivyoipanga posa ya mwanangu, kwa ratiba ya snuka.

Mwaka wa kwanza wakaja, wazee watu wazima, na gunia la karanga na kuku wawili. Mjomba amejitoa. Mama yangu alikuwa ameshateremka kutoka Mgeta, huko mlimani, na mapapai ya wageni, matunda damu, njegere, na amevaa viatu ambavyo huvaa misibani na harusini tu. Wageni walikula. Mshenga alisema hakuna neno, kazi ni kazi, tutarudi. Mama alivua viatu akarudi mlimani.

Mwaka wa pili nikarudia yale yale. Usiniulize kwa nini. Jina lilikuwa limeandikwa, nikaliamini, kwa sababu nilitaka kuliamini. Walipofika tena kutoka Gairo na kukuta tena hakuna mjomba, mshenga hakusema kazi ni kazi. Alimaliza chai yake, akasema kwa adabu kwamba kijana wao umri unakwenda na kwamba upande wao wameanza kuulizana kama binti kweli ana watu. Binti yangu alikuwa nyuma ya pazia. Alisikia.

Mwaka huu ndio ule ujumbe wa vitunguu. Wageni wa Gairo walikuwa wameshathibitisha, wanafika Jumapili saa nne, na mshenga alikuwa ameniambia kwenye simu, kwa ile sauti ya upole inayotisha kuliko matusi, kwamba hii ni mara yao ya mwisho.

Kwa hiyo nilikuwa nimesimama pale na mwiko, kitunguu kinaungua, na ukumbini wameshaanza.

"Mgongo! Mgongo wa nani huo unauma mwezi wa nane tu?"

"Huwezi kujua. Snuka inainamisha mgongo."

"Profesa, usinichekeshe. Huyu anaringa. Anaona mbuzi wetu ana harufu. Mimi nasema afutwe, jina lake lisipokelewe tena hapa, akajishaue huko huko."

"Umfute bingwa? Halafu mtakuwa na nini kwenye karatasi? Jina lako wewe?"

Wakacheka. Hicho kicheko ndicho kilichonitoa jikoni. Mimi si mtu wa kupayuka, nina ulimi lakini nauweka, ila siku ile nilitoka na mwiko wangu unadondosha mafuta kwenye sakafu niliyoipiga deki asubuhi, nikasimama katikati yao.

"Mbuzi," nikasema. "Nyie mnagombea mbuzi. Mimi Jumapili nina wageni kutoka Gairo, wamekuja mara mbili wamerudi bila jibu, mwanangu ananyauka ndani, na mjomba wake ndiye huyo huyo mnayemchambua hapa kama kuku. Endeleeni. Mfuteni. Na mimi nitamfuta wapi?"

Nikaanza kulia, mbele ya wateja, kitu ambacho sijawahi kufanya tangu nipewe lile jiko. Profesa aliinuka akanivutia kiti, kisha akabaki amekishikilia. Nilikuwa simtazami mtu. Nilisikia tu muuza vipuri anauliza, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, ndogo kabisa:

"Mama Jiko, nyie ni lukolo gani?"

Lukolo ni ukoo wa upande wa mama. Mjini hapa watu hawaulizani. Wanaulizana kabila, dini, timu ya mpira, basi. Huyu mtu nimemuuzia supu miaka na miaka, najua anapenda ya kongoro na pilipili nyingi, najua mke wake wa kwanza na wa pili, na sikuwahi kumuuliza mama yake katokea wapi. Nikamtajia lukolo letu.

Akaivua kofia yake. "Hata mimi," akasema. "Mama yangu ni wa huko huko."

Anayejua mambo yetu ameshaelewa. Mtu wa lukolo langu ni kaka yangu, tumbo lolote lililomzaa, na kaka yangu ni mjomba wa mwanangu. Inaruhusiwa, hata wazee wa zamani walikuwa wanafanya hivyo. Muuza vipuri, aliyekuwa akimsema mdogo wangu kila siku kwenye dirisha langu, alikuwa ana haki kamili ya kukaa mahali pake.

"Wanafika saa ngapi?" akaniuliza.

Jumamosi mama aliteremka. Nilimweleza jikoni, nikimmiminia chai, nikiogopa. Aliuliza habari za mgongo wa mwanawe kwanza. Nikamwambia mgongo hauna kitu, mama. Akasema najua. Kisha akataka kumwona huyo mtu. Muuza vipuri aliitwa, akaja akapiga goti kabisa, "Shikamoo mama," na mama akamshika kichwa, akamuuliza mama yake, na mama wa mama yake, na kitongoji, na chanzo cha maji wanachoteka, mpaka wakafika kwa mtu mmoja aliyekufa zamani ambaye wote wawili walimfahamu. "Ni wetu," mama akaniambia, kana kwamba hayupo pale. "Amenenepa, lakini ni wetu."

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimepata mjomba na bado nilikuwa namtaka mdogo wangu. Jumapili asubuhi nilifagia uwanja mara mbili, na kila bajaji iliyopunguza mwendo barabarani nilisimama na ufagio. Nilikuwa najua ratiba ya mabasi ya Nairobi. Nilikuwa najua kwamba mtu akiondoka Jumamosi asubuhi anaweza kuwepo hapa Jumapili saa tatu, na ilikuwa imeshafika saa tatu na nusu.

Wageni walifika saa nne kamili. Muuza vipuri alikuwa ameshakaa, na koti la suti ambalo vifungo vyake havikuweza kukutana. Nilikuwa na hofu moja kubwa, kwamba atapiga kelele kama klabuni. Lakini mshenga alipomaliza maneno yake na kuuliza, kwa ule upole wake, kama leo mjomba amepatikana, yule bwana alitazama mikono yake.

"Mjomba mliyekuwa mnamsubiri yupo," akasema. "Msije mkafikiri huyu binti hana mtu. Mjomba wake ni mtu mkubwa, anajulikana nchi za watu, na huko aliko yuko kazini, anatuwakilisha. Ratiba ya mtu kama yule si ya kwake. Mwili wake wenyewe si wa kwake. Mimi nimeshika nafasi tu. Siku akija nitasimama, nitamwachia kiti chake, na nyie mtamsalimia. Lakini jibu ninalotoa leo ni lake."

Maneno ya Profesa! Yale yale aliyoyabishia mwaka mzima, ameyatoa mbele ya wageni, tena kayapanga vizuri. Mshenga wa Gairo akaitikia kwa kichwa. Mama yangu aliangalia chini. Na jibu likatoka, ndiyo, tumewakubali, na wanawake nyuma ya pazia wakapiga vigelegele. Nilipiga na mimi. Nilifurahi, nataka niseme wazi kwamba nilifurahi, na katikati ya kigelegele nikajikuta naangalia mlango, kwa sababu maneno yalikuwa sawa, kila neno lilikuwa mahali pake, na sauti haikuwa ya mdogo wangu.

Mdogo wangu alipiga jioni, jua likiwa bado limeshika kilele cha mlima. Nilikuwa naosha masufuria uani. Aliniuliza kama wageni walikuja. Nikamwambia walikuja. Akauliza nani alikaa. Nikamwambia.

"Yule?" akasema. "Yule si ndiye anayenitukana?"

"Umejuaje kwamba anakutukana?"

"Kaniweka kwenye grupu katibu wa klabu, zamani. Zile sauti mnazotumiana nasikilizaga zote, dada. Yeye, Profesa, wote. Wiki ile ya mashindano narudi chumbani nazisikiliza mpaka zinaisha, halafu nazirudia. Hapa hakuna anayenijua mimi. Nafundisha watoto wa matajiri kushika fimbo. Sijashinda kitu siku nyingi."

Nilisimamisha mkono kwenye sufuria.

"Alisemaje?" akauliza.

"Alikutetea. Alisema jibu ni lako."

"Alisema vizuri?"

"Alisema vizuri sana."

Akavuta pumzi. Nikajua swali linalofuata, na nilikuwa nimeshaliandalia uongo mzuri.

"Na mwali aliniulizia?"

"Hapana," nikasema. "Hakukuulizia. Mwaka wa kwanza alikuulizia, na wa pili. Mwaka huu hapana."

Nilisikia magari ya huko kwake. Kisha akasema, na ilikuwa sauti ya mtoto, sina neno jingine:

"Dada, mimi nikija nikapigwa raundi ya kwanza, na mtu wa vipuri, mbele ya watu wote, nyie mtabaki na nini?"

"Tutabaki na wewe," nikasema.

Nikaibana simu kati ya shingo na bega, nikaendelea kusugua masufuria, nikimsikiliza anavyopumua, mpaka salio lake likaisha.